Mweleze Mnyama Unayemfahamu

Tangu nistaafu, walimu vijana hunijia nyumbani wakitaka mazoezi yangu ya kuandika. Huwapa bila kinyongo. Mtu pekee niliyebaki naye wa kumpa kazi ya kuandika ni mke wangu, naye ameshakataa. Ila zoezi moja, "Mweleze mnyama unayemfahamu", hulirudisha wakiuliza kwa nini nimeandika pembeni: Lisisomwe siku ya wazazi. Nimechoka kueleza kwa mdomo. Nitaeleza mara hii moja, tena nianzie mwanzo, maana ukimwanzishia mwalimu katikati atakuuliza maswali mpaka chai ipoe.

Sikuja Kampala kufundisha. Nilitoka Bungoma, ng'ambo ya mpaka, nikiwa kijana, nikaja kumsaidia baba mdogo katika duka lake la vipuri vya baiskeli pale Kisugu. Kisha serikali ya wanajeshi ikatangaza redioni kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa. Ilikitangaza kama ilivyotangaza mambo yake yote: asubuhi hakuna anayejua, mchana ni amri. Shule zikaambiwa zifundishe. Kwa vitabu gani na walimu gani, redio haikusema, ilipiga muziki.

Wakati huohuo alikuja dukani mama mmoja mwenye miwani, Madamu Nansubuga, mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Kyambogo. Alitaka valvu. Nilimweleza kwamba valvu hazijaingia, kwamba huenda zikaingia, na kwamba zikiingia yawezekana zisiwe za baiskeli yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wateja hawakuwa wakilifanya.

"Wewe, hii Kiswahili ulisomea wapi?"

"Shuleni, Madamu. Bungoma."

"Uko na cheti ya ualimu?"

"Sina."

"Kesho saa moja uje shule. Usivae hiyo ovaroli."

Cheti kilikuja baadaye, kwa masomo ya jioni. Valvu haikuja.

Nusu ya darasa langu la kwanza walikuwa watoto wa askari na polisi, wengi kutoka kaskazini, waliokizungumza Kiswahili tangu kambini, kwa kasi na bila breki. Nusu nyingine walikuwa Waganda, ambao Kiswahili walikijua kwa amri tatu: simama, toa kitambulisho, lala chini. Niliingia nikasema, "Simameni." Mvulana wa mstari wa mbele aliinua mikono juu.

Hatukuwa na kitabu hata kimoja, kwa hiyo niliwapa insha niliyopewa mimi nikiwa mdogo: "Faida za kilimo". Nilirudi Kisugu na mzigo wa karatasi zilizofanana kama matofali. Kila moja ilimalizika kwa kumshukuru rais, hata ile iliyohusu mbolea. Niliona ni mafanikio. Nikampelekea Madamu Nansubuga ofisini kwake ili anipongeze.

Alisoma chache, akazisukuma kando.

"Mwalimu, hapa ndani hakuna mtoto."

"Hakuna nini, Madamu?"

"Hakuna mtoto hata mmoja. Kuna woga tu, na imeandikwa na mwandiko mzuri. Usiulize mtoto anafikiria nini. Siku hizi hiyo ni swali ya polisi. Muulize ameona nini."

Yeye alikuwa akifundisha Kiingereza, na Kiswahili alikivaa kama kiatu cha kuazima, lakini yote ninayoyajua kuhusu kazi hii yalitoka kwake. Kesho yake aliingia darasani kwangu na sufuria kutoka jikoni, nyeusi, imebonyea upande mmoja, akaiweka mezani. Akawaambia waieleze bila kutumia neno "zuri" wala "baya". Kisha akaketi nyuma, akatoa kalamu, akaanza kuandika yeye mwenyewe. Msichana mmoja aliandika kwamba sufuria ile ilibonyezwa na mtu aliyekuwa na hasira na mtu mwingine. Mpishi alipoitwa athibitishe, alikataa kuzungumza.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, shikeni haya mawili. Zoezi liwe na sharti moja tu. Ukiweka masharti matatu, mtoto ataandika masharti. Na usimpe mtoto zoezi ambalo hujalifanya mwenyewe mezani kwako. Mimi nimeyatupa mazoezi mengi baada ya kugundua kwamba hata mimi sina la kusema. "Ungekuwa wingu ungefanya nini?" ni mojawapo. Ningenyesha. Basi.

Mazoezi tuliyachapa kwa mashine ya kurudufu iliyokuwa ikitaka kubembelezwa. Wino ukiisha, na wino ulikuwa ukiisha kama sukari, tuliandika ubaoni. Chaki ikiisha, nilisema kwa mdomo. Nikapata sauti kubwa, na mke wangu analalamika mpaka leo.

Adong alikuwa katika darasa langu la pili. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kukukodolea macho mpaka ujikague vifungo. Baba yake, Koplo Odur, alikuwa polisi, na alitoka wilaya moja na rais aliyepinduliwa. Kwa mtu wa namna hiyo, miaka ile, kazi kubwa haikuwa kukamata wezi. Ilikuwa kuamka asubuhi na kujikuta bado yupo. Walipanga nyumba Kyebando, ukuta kwa ukuta na Mama Zubeda, mjane Mnubi ambaye mumewe alikuwa askari wa zamani. Mama Zubeda alifuga kuku, na katikati ya kuku hao alikuwepo bata mzinga mmoja, ambaye Kampala tunamwita sekoko.

Nilipotoa zoezi la mnyama, sharti lilikuwa: usiseme kama unampenda au unamchukia. Adong alileta haya:

"Jirani yetu ana sekoko. Asubuhi hutoka kifua mbele kabla hajaitwa. Kifuani pake kuna vitu vingi vinavyoning'inia, na hakuna anayejua alivipata wapi. Ukipiga mluzi, anajibu kwa hotuba. Ukipiga tena, anajibu tena, hotuba ileile. Anadhani hata uwanja wetu ni wake. Kuku aliowafanya wake zake humpisha wakati wa kula, halafu wanakula alichomwaga. Kulikuwa na jogoo aliyekuwa akiwika hapa zamani. Siku hizi hayupo, na hakuna anayeuliza."

Nilimpa alama za juu kabisa. Naapa niliona ndege tu. Nilikuwa nimesahihisha mbuzi na paka wengi mno siku ile, na sekoko alinijia kama mvua. Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia, nikamchagua Adong asome.

Alisoma vizuri, polepole, akisubiri baada ya kila sentensi kama nilivyomfundisha. Kwenye vitu vya kifuani, mama mmoja alicheka. Kwenye hotuba, ukumbi mzima uliangua kicheko, kicheko cha watu ambao hawajacheka kwa muda mrefu na wamesahau jinsi ya kukipunguza. Kisha mmoja akakumbuka yuko wapi. Akanyamaza. Jirani yake akamtazama, naye akanyamaza. Kikazimika hivyo, safu baada ya safu, mpaka akabaki baba mmoja nyuma kabisa, aliyechelewa kuelewa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza.

Safu ya mbele alikaa kapteni mmoja wa jeshi ambaye mwanawe alikuwa akisoma kwetu. Yeye hakucheka. Alisimama, akavaa kofia, akatoka kabla ya soda kugawiwa. Siku hizo hakuna mtu aliyekuwa akiacha soda. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Walikuja kunichukua kesho yake, katikati ya kipindi. Waliniketisha kwenye kiti cha nyuma cha gari, si kwenye buti la mizigo, na kwa viwango vya mji wetu hiyo ilikuwa heshima. Nilipelekwa kwenye jengo lisilo na kibao. Kapteni alikuwa nyuma ya meza. Kwenye benchi, karibu na ukuta, alikuwa ameketi Koplo Odur. Walikuwa wamemvua mkanda. Nilipouona ule mshipi umelala juu ya meza, nilijua hapo hayupo kama polisi.

"Mwalimu," akasema kapteni, "mimi nilisikia ile maneno yote. Sasa sema. Hii sekoko ni nani?"

"Ni sekoko, afande."

"Najua ni sekoko! Lakini ni nani?"

"Ni wa Mama Zubeda, afande. Wa Kyebando."

"Usicheze na mimi. Ndani ya hii sekoko iko mtu."

"Mtu gani, afande?"

Akafungua mdomo. Mlangoni walisimama askari wawili, nao waligeuza shingo kidogo ili wasikie. Kapteni akawaona. Akaufunga mdomo.

Watu wamenisifu kwa swali lile. Wanasema nilimtega. Sikumtega mtu. Swali lilinitoka kwa sababu lilikuwa fupi. Lakini nilimwona akifika ukingoni na kurudi nyuma. Ili anishtaki, ilimbidi aseme kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi, ni nani aliyemjia akilini aliposikia habari za ndege mwenye kifua kikubwa na hotuba moja.

Akamgeukia Odur. "Wewe koplo. Mtoto yako aliandika hii peke yake?"

"Aliandika, afande."

"Nimesema peke yake?"

"Kalamu ilikuwa moja, afande."

Kapteni akapiga meza. "Hii sekoko iletwe hapa! Kama iko, iletwe. Kama hakuna..." Hakumaliza. Hakukuwa na haja.

Tulingoja. Nilijaribu kukumbuka kama ndege yule alikuwa kweli na hayo yote. Sikuwa nimewahi kumwona. Maisha yangu yalikuwa yananing'inia kwenye uangalifu wa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nikakumbuka jinsi anavyokodoa macho, nikapata nafuu kidogo.

Waliwaleta watatu, na ndege wa nne: Adong, Madamu Nansubuga aliyekataa mwanafunzi wake asindikizwe na askari tu, na Mama Zubeda, amembana kwapani sekoko wake aliyefungwa kanga. Tulitolewa wote uani. Kapteni alikuwa na karatasi ya Adong mkononi.

"Weka chini."

Mama Zubeda akamweka. Sekoko akajikung'uta, akatazama pande zote, akatoa kifua, akaanza kutembea mbele ya askari kama anayewakagua. Wao, kwa mazoea, walisimama wima.

Kapteni akasoma. "Vitu inaning'inia." Akatazama. Vilining'inia. Akasoma tena, akavuta pumzi, akapiga mluzi mdogo. Kimya.

"Mwanangu," akasema Mama Zubeda, "unapiga kama mtu ya kuogopa. Piga yenye nguvu."

Akapiga kwa nguvu. Sekoko akanyoosha shingo, akajibu kwa kelele iliyojaa ua mzima. Kapteni akapiga tena. Akajibiwa tena, hotuba ileile, haikupungua neno.

Askari mmoja akacheka.

"Nani anacheka?"

"Mimi, afande."

"Unacheka nani?"

"Nacheka sekoko, afande."

"Sekoko tu?"

"Sekoko tu, afande. Hapana mtu mwingine."

Hayo maneno ya mwisho yangeweza kutuzika wote. Kapteni akageuka haraka, akasimama ameelekea ukutani, mabega yakimtikisika. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba alikuwa akikohoa.

Aliporudi, uso wake ulikuwa umenyooka. Akamwinamia Adong. "Na hii jogoo ya zamani. Ilienda wapi?"

Nilimwona Madamu Nansubuga akifumba macho.

"Tulimla Krismasi, afande," akasema Adong.

"Niliwauzia mimi," akaongeza Mama Zubeda. "Ilikuwa ngumu, wakaja kulalamika."

Kapteni akakunja ile karatasi, akaitia mfukoni. "Sekoko inabaki hapa."

"Basi na mimi nabaki," akasema Mama Zubeda, akaketi chini palepale, akanyoosha miguu. "Nalala wapi?"

Kapteni alimtazama mama yule, akatazama ua wake, akapima hasara. Akatuambia tuondoke wote, na ndege wetu. Mimi nilipewa amri: darasa langu lisiandike mnyama tena. Odur alirudishiwa mkanda. Nilikuwa karibu, nikasikia kapteni akimwambia kwa sauti ya chini, "Koplo, leo nimekuja mimi. Siku nyingine atakuja mtu ambaye hajui kucheka."

Tulitembea mpaka barabarani. Mama Zubeda na Madamu walitangulia na Adong. Odur alikuwa akifunga mkanda wake huku tukitembea. Mwishowe akaniambia, "Mwalimu, ile mstari ya vitu ya kifua, ni yangu."

Nilisimama. "Na ule wa jogoo?"

"Huo ni ya mama yake." Akafikiri. "Lakini mluzi ni ya mtoto mwenyewe. Na ingine yote."

Nilicheka mpaka nikashika mti. Yeye pia akaanza kucheka, kisha kicheko chake kikageuka kitu kingine, nikamshika bega mpaka kikapita. Kikanuni ningepaswa kumpunguzia Adong alama kwa kusaidiwa. Sikumpunguzia.

Juma lile Madamu aliitisha kikao cha walimu tuchague mada salama. Nimehudhuria vikao vingi vya kipuuzi katika maisha yangu, lakini kile ndicho kilichoendeshwa kwa umakini mkubwa zaidi. Wanyama wote walifutwa, kutokana na amri. Mwalimu wa jiografia akapendekeza hali ya hewa. Mtu akauliza watoto waseme nini kuhusu mawingu meusi, ikafutwa. Chakula? Chakula kipi? Ikafutwa. Tukakubaliana hatimaye juu ya samani. Nikaingia darasani nikaandika ubaoni: "Kieleze kiti."

Nilikusanya karatasi, nikaanza kuzisoma kwenye korido. Ya kwanza ilisema: "Kiti hiki mtu akikikalia hataki kuinuka." Ya pili: "Kiti chetu kimekaliwa na mtu mzito na miguu imeanza kulia." Sikusoma ya tatu. Nilimpelekea Madamu, akazisoma zote amesimama, akaziingiza jikoni mwenyewe. Siku ile chai iliwahi kuiva.

"Kesho wafundishe kuhesabu kwa Kiswahili," akaniambia. "Moja mpaka mia. Polepole."

Haukupita muda, Koplo Odur akaja shuleni mchana, amevaa kiraia, na Adong yuko nyuma yake. Tulikuwa ofisini kwa Madamu. Aliuliza kama vile anauliza njia ya sokoni, "Mwalimu, kwenu Bungoma ni mbali na mpaka?"

Nilimwelekeza mpaka kwa mama yangu: kanisa, kinu cha kusagia, nyumba yenye uzio wa michongoma. Nilimwambia aseme tu nimemtuma, na asishangae akitukanwa kwanza, ndivyo mama anavyokaribisha. Hakuandika chochote. Alirudia maelezo yote mara moja, sawasawa, kipolisi.

Walipoinuka, Adong akanigeukia. "Mwalimu, nipe zoezi ya njiani."

Mimi, ambaye kazi yangu yote ilikuwa ni hiyo, nilikosa. Nilifikiria dirisha la basi, nikafikiria atakayoyaona dirishani, vizuizi na wanaosimama kwenye vizuizi, nikaona kila zoezi ninalolijua ni la mtu aliyekaa mahali salama.

Madamu Nansubuga akavua miwani. "Zoezi yako ni kufika," akamwambia. "Sharti ni moja. Mfike wote. Kuandika baadaye."

Adong akaitikia kwa kichwa, kama anayepima kama anaiweza.

Waliondoka. Hatukuuliza siku wala njia. Tulifundisha. Kila asubuhi Madamu alinitazama kwenye mstari wa wanafunzi, nami nilitikisa kichwa, na tukaingia madarasani.

Habari ililetwa Kisugu na mchuuzi wa vitunguu aliyekuwa akivuka mpaka mara kwa mara. Alinikuta dukani kwa baba mdogo, mchana mmoja ambao sikuwa na kipindi, akasimama mlangoni na gunia lake begani.

"Mama yako anakusalimu," akasema. "Anasema wageni wako wamefika. Wote, na mama yao. Na anauliza huyo msichana mrefu mlikuwa mnamlisha nini huko, maana amemaliza sufuria ya ugali na bado anatazama."

Sikungoja kumshukuru. Nilichukua baiskeli ya mteja, nikaendesha mpaka Kyambogo. Madamu Nansubuga alikuwa darasani, ameshika kipande cha chaki kidogo kama jino. Nilisimama mlangoni nikasema, "Wamefika."

"Wote?"

"Wote, Madamu."

Akageuka ubaoni. Akaandika neno ambalo halipo katika Kiingereza, wala Kiswahili, wala Luganda. Akalitazama, akalifuta kwa kiganja. Watoto walikuwa wakimngoja. Akaanza upya.